Halijoto ya Rangi

Katika maduka ya vifaa vya stima mjini Kiritiri, balbu huombwa kwa rangi: ya manjano au nyeupe. Pakiti yenyewe imeandikwa 3000K au 6500K, ila wanunuzi wengi hawana haja na maandishi hayo. Msanifu wa mwanga, yule anayeamua jukwaa la tamasha litaonekanaje tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, huuliza namba hiyo kabla taa hazijapandishwa kwenye nguzo. Kwa Kiswahili tuiite halijoto ya rangi.

Wapo wanaopendelea kusema joto la rangi. Ni fupi na linatamkika vizuri, lakini mimi silikubali. Kiswahili cha fizikia kimekwisha kutenga joto, ambalo ni nishati inayohama, na halijoto, ambayo ni kipimo. K ya kwenye pakiti ni Kelvini, kizio kinachoanza kuhesabu kwenye sifuri kabisa, nyuzi 273 za Selsiasi chini ya pale maji yanapoganda.

Kipimo cha nini, basi? Mhunzi anajua. Chuma kikiingia motoni huwa chekundu, kikaja rangi ya chungwa, kisha njano inayoelekea weupe. Wanafizikia walikichukua kitu cheusi cha kinadharia, kisichoakisi mwanga wowote, wakakokotoa rangi kinayoitoa katika kila halijoto. Kwa ngazi hiyo mshumaa uko karibu na 1,900, balbu ya zamani ya nyumbani 2,700, halojeni ya jukwaani 3,200, jua la adhuhuri 5,600 hivi, na kivuli chini ya anga ya buluu hupita 7,000.

Namba ikipanda, mwanga unaelekea buluu, rangi ambayo macho huihesabu kuwa baridi. Sasa fundi akiambiwa "ongeza joto", aipandishe namba au aishushe? Spika zikiwa zinajaribiwa hakuna nafasi ya kulijadili hilo. Ndiyo maana namba nataka iandikwe kwenye mchoro wa taa, na kwa mdomo tuseme kama wauza balbu: vuta manjano, punguza weupe. Hakuna anayekosea.

Taa za LED zimeongeza utata mwingine. Uzi wa tungsteni kwenye halojeni kweli unafika Kelvini 3,200. LED ya 6,500 haifiki popote karibu na hapo. Hata tungsteni yenyewe huyeyuka kabla ya 3,700. Namba ya LED ni ya kufananisha tu: rangi yake inakaribia ile ambayo kitu cheusi kingetoa kikiwa na moto huo. Hiyo ningeiita halijoto linganifu ya rangi. Ni refu, lakini ni la kweli.

Haya yana uzito wake Kiritiri, ambako mkutano wa injili au tamasha huweza kuanza saa kumi jioni uwanjani na kuisha usiku. Jua likishuka mwanga wake unakuwa wa dhahabu. Likitua, anga linabaki buluu kwa dakika 20 na kidogo tu, maana ikweta iko karibu, kisha giza. Msanifu hupanga taa zipite katika mabadiliko hayo bila hadhira kushtuka. Akiwasha LED za 6,500 mapema, nyuso za wanakwaya zinapauka kama za watu waliooga wakasahau mafuta. Kwa ngozi zetu mimi huanzia 3,200, na nyeupe kali naiachia mandhari ya nyuma.

Kugeuza rangi kwa karatasi ya kichujio kuna gharama yake. Kichujio kamili cha buluu, kinachoipeleka halojeni kwenye rangi ya mchana, hula karibu theluthi mbili za mwanga. Cha rangi ya chungwa, kinachofanya kinyume chake, huachia zaidi ya nusu. Bwawa la Gitaru liko jirani, na kituo chake kina uwezo wa megawati 225, lakini mwenye jukwaa uwanjani huja na jenereta yake, na kila taa anayoongeza kufidia mwanga ulioliwa anailipia kwa dizeli. Kuutia manjano mwanga mweupe ni nafuu kuliko kuutia weupe ule wa manjano.

Kamera ya kurusha tamasha mtandaoni ndiyo inayofichua uzembe. Jicho husamehe taa mbili zinazotofautiana kwa Kelvini mia chache. Kamera hupewa namba moja ya kuihesabu kuwa nyeupe, na kila taa iliyo mbali nayo inatoka na rangi. Kushoto mwimbaji ni wa chungwa, kulia ni wa samawati, na mpiga picha anakuja kwa msanifu kuuliza nani alichanganya taa za makasha mawili.