Makazi: neno dogo, eneo kubwa

Wanasayansi huita mahali anapoishi kiumbe kwa asili "habitat", na neno hilo lilianza likiwa kitenzi. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipochapisha kitabu chake kikuu cha mimea mwaka 1753, aliueleza kila mmea kwa Kilatini cha mkato, kisha akaandika "Habitat" na kutaja unakoota. Maana yake ni "hukaa" tu. Baadaye kitenzi kikawa jina la mahali penyewe. Kiswahili nacho kimechota kisima hichohicho, kwani katika -kaa tuna makao na makazi.

Watafsiri wengine huandika mazingira, lakini mazingira ni ya wote: hewa, mto, mji, hata kelele za sokoni. Makao nayo yamekwisha kutwaliwa na makao makuu na makao ya watoto yatima. Ninashikilia makazi, kwa sharti kwamba mwenyeji atajwe: makazi ya duma, makazi ya kifaru. Bila mwenyeji neno halina mpaka. Jabali wanamoishi pimbi halimfai kiboko hata kidogo.

Tena makazi yana viungo, na hapa lugha yetu imejaliwa: malisho, mazalia, maficho, mapito. Kiungo kimoja kikiondoka, vingine vyaweza kubaki vizima na mnyama bado akatoweka.

Mtazame duma wa Maasai Mara. Jike hulea peke yake. Huwalaza watoto kwenye nyasi ndefu au kichakani, akaenda kuwinda, mara nyingi mchana, maana usiku simba na fisi wametanda. Sasa magari ya watalii yamzunguke: swala wanashtuka, windo linaharibika, na watoto kule kichakani wanamsubiri mama aje na chakula. Utafiti wa Femke Broekhuis uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba penye watalii wachache, jike alikuza wastani wa watoto 2.3 kwa kila uzao hadi wakaweza kujitegemea. Penye watalii wengi, wastani ulikuwa 0.2. Kwenye ramani sehemu zote hizo ni hifadhi, zimepakwa rangi ya kijani. Kwa duma, baadhi yake si makazi tena.

Ndiyo maana ninaumia ninaposoma kwamba hoteli mpya hifadhini "itachukua ekari chache tu". Ekari hizo ni za msingi wa jengo. Mwekezaji huupenda ukingo wa mto kwa kuwa mgeni anataka kuona wanyama wakishuka kunywa, na hapo hapo ndipo penye mapito yao na kivuli chao cha adhuhuri. Jengo likishasimama huja barabara ya malori ya vyakula, nyumba za wafanyakazi, jenereta, taa za usiku kucha, na jalala linalowafunza nyani tabia mbaya. Sipingi utalii, fedha zake ndizo zinazolipa askari wa wanyamapori. Ninachopinga ni kupima hasara kwa kamba ya fundi.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Upande wa kusini ndio uliobaki wazi, wanyama wakipitia kwenda nyanda za Kitengela na kurudi. Mwaka 2020 rasimu ya mpango wa usimamizi wake ilipendekeza hoteli na mgahawa ndani ya mbuga, pamoja na ua wa kuufunga upande huo wa kusini. Hoja zikaegemea mapato na migogoro na majirani. Lakini kufunga kusini ni kukata mapito, na nyumbu asiye na mapito amebakiwa na nusu ya makazi, hata malisho ya ndani yakinawiri namna gani.

Sheria ya Kenya inataka miradi ya namna hii ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi waalikwe kutoa maoni. Ukikuta gazetini tangazo la NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kuhusu hoteli hifadhini, andika. Usiulize jengo litachukua ekari ngapi. Uliza ni makazi ya mnyama gani, na kiungo kipi kinakatwa.