Lala Land Haina Zimwi

Akili ni mtoto wa miaka minne anayekaa na wazazi wake chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila usingizi unapomchukua huingia Lala Land, nchi ya ndoto ambako kiboko, simba mdogo na komba huzungumza, huimba na kuhesabu pamoja naye. Katuni hiyo, Akili and Me, hutengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo. Ilianza kuonekana 2016, miaka miwili baada ya nduguye mkubwa, Ubongo Kids, kurushwa na TBC1 Januari 2014. Ukiitazama kwa jicho la mtu wa Ndundu, kando ya mto Rufiji, kitakachokusumbua kwanza ni huyo kiboko. Bonde la Rufiji halijawahi kumjua kiboko kama rafiki. Ndiye anayeingia kwenye mpunga usiku na kuuacha tope tupu, ndiye anayepindua mtumbwi, na ni kwa sababu yake na nguruwe pori familia nzima huhamia kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, msimu wa mavuno. Nani basi aliamua kwamba nchi ya ndoto ya mtoto wa Kitanzania isiwe na cha kuogopesha? Jibu langu ni kwamba aliyeamua ni somo. Katuni hizi ziliingia kwenye televisheni kwa mlango wa shule kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi. Mlango huo umezinufaisha kuliko wanaoulaumu wanavyotaka kukiri, ila una kizingiti chake, na aliyeshindwa kukivuka ni zimwi.

Tuanze kwa kuondoa dhana kwamba hadithi zilikosekana. Mahali pasipo na taa, ambapo watu hukesha juu ya dungu wakisikiliza maji na vichaka, hadithi za kutisha hazihitaji kuagizwa. Na Rufiji ina kisa kikubwa zaidi ya hizo, ambacho kilibadili historia ya nchi. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjeketile Ngwale alisemekana kupandwa na Hongo, pepo wa majini. Wazee waliohojiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 walieleza kwamba alizama kwenye maji mbele ya ndugu zake, wakakesha ukingoni wakimlilia, na kesho yake akatoka mzima, nguo zake zikiwa kavu. Yaliyofuata yanajulikana: dawa ya maji, vita ya Maji Maji, na Wajerumani kumnyonga Kinjeketile hapo Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia kutokana na kisa hicho, ikachapishwa 1969, na vizazi vya wanafunzi vimeisoma na kuiigiza. Kwa hiyo jukwaa lilimpokea mtu anayelala chini ya maji, na kitabu pia kilimpokea. Katuni haikumpokea, na sababu yake haipatikani Ngarambe. Inapatikana kwenye gharama.

Tanzania Bara ilichelewa sana kuwa na televisheni. Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, tena kwa rangi, lakini ng'ambo ya pili ya maji ilibidi kusubiri hadi 1994 ndipo vituo binafsi kama ITV vikafunguliwa. Kusini picha zilichelewa pamoja na kila kitu kingine. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, aliyetaka kuvuka Rufiji kwenda Kilwa au Lindi alisubiri kivuko, na mto ukifurika alisubiri mto. Vituo vipya vilihitaji vipindi vya watoto na vikavipata kwa njia rahisi, kwa kurusha katuni za nje zilizokwisha kurudisha gharama zake kwao. Anayetengeneza mpya yuko kwenye hesabu nyingine kabisa. Televisheni yetu huonyesha picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo kipindi cha dakika 11 kina picha 16,500. Kompyuta imepunguza mateso hayo, maana mhusika huchorwa mara moja akiwa vipande vipande, mkono peke yake, mdomo peke yake, kisha vipande hivyo husogezwa badala ya kuchora kila picha upya. Hata hivyo lazima mtu akae miezi kadhaa akivisogeza, na mtu huyo anakula na kulipa kodi ya chumba. Mshairi akitaka zimwi huandika neno moja, naye zimwi amekwisha kufika. Mchoraji wa katuni hulilipia kwa sekunde.

Mfano wa kwanza mkubwa wa namna gharama hiyo inavyoweza kulipwa unaihusu Tanzania kwa namna ya ajabu kidogo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru 1932, aliacha kazi za mashambani na za vibarua, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akawa anachora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hardboard na kuwauzia wageni Oysterbay. Alifariki 1972, lakini mtindo ukabaki na jina lake. Februari 2010 wanyama wa aina hiyo, wenye madoa na macho makubwa, walianza kutembea kwenye CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC, katika Tinga Tinga Tales: vipindi 52 vinavyoeleza kwa nini tembo ana mkonga na mengine ya namna hiyo. Aliyebuni mradi ni Claudia Lloyd wa kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect, waliosogeza picha ni vijana wa Homeboyz jijini Nairobi, muziki ulikuwa wa Eric Wainaina, na tembo alipewa sauti ya mchekeshaji Lenny Henry. Disney nayo ikaichukua. Hiyo ilikuwa njozi halisi, yenye wanyama wa ngano na bila mtihani wa hesabu katikati. Tazama basi fedha zilitoka wapi na lugha ya kwanza ilikuwa ipi. Mchoro ni wa Mtanzania, mikono ni ya Kenya, na mnunuzi ni mzazi wa London anayelipa ada ya televisheni. Sisemi hivyo kwa kinyongo. Kazi ile iliwapa wachoraji wa Nairobi miezi mingi ya mazoezi ambayo hakuna chuo kingewapa. Nasema tu kwamba ngano isiyokuwa na somo ililipiwa mahali ambako kuna umma uliokwisha kuzoea kulipia ngano.

Waanzilishi wa Ubongo, wakiwemo Mmarekani Nisha Ligon na Watanzania Cleng'a Ng'atigwa na Rajab Semtawa, hawakuwa na umma wa namna hiyo walipoanza 2013. Walichokuwa nacho ni shida ambayo kila mtu aliiona: watoto waliomaliza madarasa ya mwanzo bila kujua kuhesabu wala kusoma vizuri. Shida ya aina hiyo ina wafadhili, na ina wizara, na ina wazazi. Njia yenyewe haikuwa ngeni. Sesame Street ya Marekani ilikuwa imeonyesha tangu 1969 kwamba mtoto hukubali kufundishwa na kikaragosi, na Tanzania ilikuwa imeshapata toleo lake, Kilimani Sesame. Ubongo Kids ikachukua watoto wakubwa kidogo, ikawapa wahusika wao, wakiwemo Kiduchu na Koba, ikageuza kanuni za hesabu kuwa nyimbo, na ikaweka jambo ambalo katuni za nje hazikuwa nalo: swali linaulizwa, mtoto anajibu kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida ya mama yake, na katuni inamjibu. Akili and Me ikafuata kwa wadogo zaidi, wa miaka mitatu hadi sita. Kabla kipindi hakijakamilika, michoro ya awali hupelekwa kwa watoto waitazame huku watengenezaji wakiwatazama wao. Mtoto akigeuka kucheza na kandambili ya jirani, sehemu hiyo inarudi mezani.

Hapo ndipo nasema somo liliinufaisha njozi. Studio inayotafuta kuchekesha tu inaweza kujidanganya kwamba imechekesha. Inayodai kufundisha inaweza kupimwa, na Ubongo walikubali kupimwa. Utafiti wa Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland, uliochapishwa 2018, uliwafuatilia watoto wa shule za awali zaidi ya 500 Morogoro: waliotazama Akili and Me kwa wiki chache waliwapita wenzao waliotazama kipindi kingine katika kutambua namba na maumbo, kuhesabu, kuchora na maneno ya Kiingereza. Matokeo kama hayo huleta fedha za msimu mwingine, na msimu mwingine ndio unaomfanya mchoraji wa Dar es Salaam abaki mchoraji badala ya kurudi kwenye mabango ya matangazo. Machi 2020, serikali ilipofunga shule kwa sababu ya Korona, Ubongo walivipa vituo vya televisheni na redio barani vipindi vyao bila malipo. Katuni ya burudani tupu isingepokelewa kwa mikono miwili namna ile.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya wafadhili, na kwamba anayelipa ngoma huchagua wimbo. Hoja hiyo ni ya kweli nusu. Wafadhili walichagua mada, lakini mada si wimbo wote. Kiswahili kinachosikika si cha kutafsiri. Watoto wanabishana kama watoto wa uswahilini wanavyobishana, na mdundo ni wa Dar es Salaam. Linganisha na ngano za CBeebies, ambazo zilikuwa huru na somo lakini zikazungumza kwanza na mtoto wa Uingereza. Kati ya njozi iliyofungwa na mtaala na njozi iliyofungwa na soko la mbali, mtoto wa Kibiti amepata zaidi kutoka ile ya kwanza. Hoja nyingine inauma zaidi: je, mtoto wa Salale au Kiongoroni kwenye delta ya Rufiji, ambako hufiki bila boti, anaiona hiyo katuni? Huko runinga mara nyingi inategemea sola na dishi, au kibanda umiza ambako mpira ukianza watoto wanafukuzwa. Mto Rufiji wenyewe sasa unaendesha mitambo ya megawati 2,115 kwenye Bwawa la Julius Nyerere, jambo ambalo halimsaidii sana mtu wa visiwani anayechaji simu kwa jirani. Lakini hata hapa lengo la kufundisha ndilo lililoilazimisha Ubongo ifike redioni na kwenye simu, kwa kuwa anayedai kufundisha nchi hawezi kuridhika na wenye ving'amuzi.

Tunarudi kwa zimwi. Lala Land ina matatizo, lakini haina adui. Kinachopotea hupatikana, anayenuna hubembelezwa, na wimbo humaliza yote. Mtaalamu wa malezi atanijibu kwamba mtoto wa miaka minne hapaswi kutishwa kabla ya kulala. Kwa umri huo nakubali, ingawa bibi zetu hawakukubali kamwe, na mtoto wa kwenye dungu alijifunza kutoshuka usiku kwa sababu aliambiwa kuna nini chini. Hofu ile nayo ilikuwa somo, tena lenye faida iliyoonekana asubuhi kwa kuhesabu watoto. Tatizo langu ni kwamba kizingiti hakiondoki mtoto anapokua. Katuni za watoto wakubwa nazo zinabeba mtaala, na mtaala hauna sura ya kumweka Hongo. Kipimo cha kupima kama mtoto amejua pembetatu kipo, lakini kwa mtoto aliyetetemeka na kujiona jasiri baada ya hapo kipimo hakipo, na kisichopimwa hakiandikiwi ripoti. Filamu fupi ya Kwame Nyong'o, The Legend of Ngong Hills, ilileta jitu la ngano za Kimaasai mwaka 2011, ikaonyesha kwamba linawezekana. Ila filamu fupi ni usiku mmoja tu, nayo ngano hudai msimu mzima.

Super Sema ya Kenya, iliyoanza kwenye YouTube mwaka 2021 ikiwa na Lupita Nyong'o miongoni mwa watayarishaji wakuu, ilijaribu kuruka kizingiti hicho. Sema ana nguvu, ana mji wa kuulinda, na hatimaye ana adui, Tobor, mtawala ambaye ni roboti. Lakini Sema humshinda kwa sayansi na ubunifu, somo likiwa limevaa joho, na adui mwenyewe ametengenezwa kiwandani kama wale wa katuni za Marekani. Adui wa kutoka mtoni bado hajaajiriwa. Vijana wanaoweza kumchora wapo leo, Nairobi na Dar es Salaam, na waliofunzwa kazi hiyo walifunzwa kwa fedha za hesabu na za CBeebies. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo kwa wasanii, lakini mkopo hudai marejesho, na katuni isiyokuwa na mnunuzi haina cha kurejesha. Anayebaki ni mtangazaji wa umma. TBC iliyoipokea katuni ya hesabu Januari 2014 inaweza kuagiza vipindi sita vya dakika 11 vya kisa cha Ngarambe, picha 99,000, bila kudai kwamba mtoto aulizwe swali lolote mwishoni.