Wafinyanzi wa Kikisi na Maumbo ya Kompyuta
Historia ya kufinyanga maumbo kwenye kompyuta husimuliwa kuanzia Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, ambako Martin Newell aliunda buli lake maarufu la kompyuta mwaka 1975. Kwa maoni yangu, msomaji wa Tukuyu ana haki ya kuanzia karibu zaidi: kwa wanawake wa Kikisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao vilibadilishwa kwa chakula cha Wanyakyusa tangu zamani. Mfinyanzi huanza na umbo nene, hulivuta, hulikwangua, kisha hulilainisha kwa kokoto. Urembo huja mwisho. Programu za leo za uchongaji hufuata mpangilio uleule.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba kompyuta hukokotoa tu, na kwamba kosa linalofanywa humo hufutika. Ni kweli. Mbinu ya Catmull na Clark ya mwaka 1978, inayogawa kila kipande cha uso kuwa vipande vidogo zaidi hadi ulaini upatikane, ni hesabu tupu. Lakini hesabu haiamui tumbo la chungu lipanuke wapi. Uamuzi huo ni wa jicho lililozoea, na Wakisi walikuwa nalo kabla ya umeme. Walimu wa michoro ya kompyuta mkoani Mbeya, waalikeni wafinyanzi hao darasani.