Mpelelezi Asiyekaribishwa Eastlands

Mitaa miwili ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, imebeba majina ya watu waliouawa. Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union (KAU), aliuawa Novemba 1952 karibu na soko la Burma. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na kiongozi wa Luo Union, alipigwa risasi mwaka uliofuata. Baraza la jiji likazipa nyumba mpya majina yao, na jina la Ofafa likasambaa hadi Maringo, Jericho na Kunguni. Serikali ya kikoloni iliwalaumu Mau Mau kwa vifo vyote viwili, na kwenye masimulizi rasmi mambo yakakomea hapo. Kwa mtunzi wa riwaya ya fumbo, ile inayokwenda taratibu na kufichua siri kidogo kidogo, ni vigumu kupata ardhi yenye rutuba kuliko hii. Hata hivyo, vitabu vya uhalifu vilivyoipa Nairobi jina vilishika njia nyingine kabisa. Nadhani sababu haikuwa uhaba wa vipaji wala uvivu wa wasomaji. Mitaa hii ilipitia historia iliyomfunza mkazi kumwogopa mtu afichuaye, na riwaya ya fumbo haisimami bila mtu huyo.

Inafaa kukumbuka kwamba riwaya ya aina hii kwa Kiswahili ilipita Nairobi mapema sana. Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na shirika hilo lililokuwa na makao yake Nairobi likakichapisha kitabu mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wake mvuta kiko, ana nasaba na Sherlock Holmes, lakini kasi yake ni ya barazani. Anasikiliza, anauliza habari za ukoo, anaacha maneno yapoe, ndipo anarudi kuuliza tena. Nguvu ya riwaya ya taratibu iko hapo hasa. Inamkalisha msomaji miongoni mwa majirani muda wa kutosha hata mkosaji anapotajwa, aliyetajwa ni mtu tuliyekwisha kula naye, na uchungu wake unatugusa. Udhaifu wake pia umo humo humo. Kurasa nyingi za kusubiri ni mkopo anaoutoa msomaji, na mtunzi hana budi kuulipa kwa jibu lenye uzito unaolingana na muda uliokopwa. Zaidi ya hayo, jibu hilo hutolewa na mtu mmoja ambaye wote wamekubali kumwamini. Bwana Msa si askari. Ni muungwana mwenye heshima yake mjini, na neno lake linapokelewa. Abdulla hakulazimika kueleza kwa nini, kwa sababu jamii aliyoiandika ilimpa mpelelezi wake imani hiyo bure.

Ukitazama majengo peke yake, ungetarajia Eastlands izae akina Bwana Msa wengi. Pumwani ilianzishwa miaka ya mwanzo ya 1920 kama mahali pa Waafrika pa kuishi, Shauri Moyo ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha Ziwani, Starehe na Kaloleni katika miaka ya 1940. Kaloleni ilipangwa nyumba zikizunguka viwanja vya nyasi, na ukumbi wa jamii katikati. Kwingineko, halmashauri ilihesabu vitanda badala ya familia, kwa kuwa ilimtaka mwanamume mfanyakazi bila mke na watoto wake. Watu watatu au wanne wakagawana chumba kimoja, na mtaa mzima ukagawana bomba na choo. Katika maisha ya namna hiyo jirani anajua zamu yako ya kazi, anajua mgeni wako, anajua usiku ambao hukurudi. Ushahidi wote upo mlangoni.

Lakini tarehe 24 Aprili 1954 ushahidi huo ulikusanywa kwa namna ambayo haikusahaulika. Katika Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, askari wapatao 25,000 waliuzingira mji, wakapekua mtaa baada ya mtaa, na zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini. Waliokamatwa walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Wakikuyu waliwaita gakunia. Gakunia alitikisa kichwa, na maisha ya mtu yakaamuliwa. Tazama jinsi alivyofanana na mpelelezi wa riwayani. Anawajua majirani, ameyaangalia mambo yao kwa muda mrefu, na anaitwa mwishoni kumtaja mwenye hatia mbele ya wote. Isipokuwa huyu hana uso, hatoi sababu, na hawezi kuulizwa swali. Mitaa iliyobaki na Wakikuyu, kama Bahati, ikazungushiwa seng'enge. Mtu aliyekulia humo angewezaje kusoma kwa raha ukurasa wa mwisho ambapo mjuzi wa siri za jirani ananyoosha kidole?

Yuko atakayesema kwamba ninaubebesha mwaka mmoja mzigo mkubwa mno. Angekuwa na haki kama 1954 ingesimama peke yake. Mwanahistoria Luise White, aliyewahoji wazee wa Pumwani kwa miaka, alikusanya hadithi za wazimamoto za tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, watu wa serikali waliosemekana kuwateka wapita njia usiku na kuwanyonya damu. Hadithi hizo hazikuthibitishwa kamwe, wala sizitaji kama habari za kweli. Ninachoona ni umbo lake, kwa kuwa ni hadithi za fumbo zilizokamilika. Mtu anatoweka, dalili zinaokotwa, mwanamke fulani anashukiwa kuwauza watu, na nyuma ya yote kuna gari la serikali. Kwa hiyo hata hoja kwamba fumbo ni utanzu wa kigeni haina miguu. Eastlands ilikuwa na mafumbo yake kitambo, na ndani yake mtu wa serikali alikaa upande wa washukiwa. Uhuru haukumbadilishia kiti. Tom Mboya, aliyepata kuwa mbunge wa upande huu wa jiji, aliuawa Julai 1969; mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo, na swali la nani aliyemtuma likabaki bila jibu.

Waandishi walifanya jambo la busara kwa wakati wao: walimweka mwizi katikati ya hadithi. Charles Mangua alichapisha Son of a Woman mwaka 1971, Meja Mwangi akatoa Kill Me Quick mwaka 1973, na John Kiriamiti akaandika My Life in Crime akiwa mfungwa, kikatoka 1984 na kupendwa mno. Katika vitabu hivi hakuna wa kufichua chochote, maana tunaambatana na mkosaji mwenyewe tangu mwanzo. Hapa huja pingamizi kubwa zaidi, kwamba wasomaji wamekwisha kupiga kura, wakachagua kasi. Sikatai kwamba waliipenda, na mimi pia naiheshimu. Ila kasi ya Kiriamiti ina gharama: mji wake ni wa benki, magari na baa, na jirani hapati nafasi ya kuwa mtu. Kiriamiti mwenyewe alirudi mwaka 1989 na My Life with a Criminal: Milly's Story, akamwachia mwanamke asimulie. Milly anaishi na mwanamume ambaye kazi yake haijui, naye anaunganisha dalili moja moja. Kitabu kinapungua mbio na kuongezeka kina. Mwandishi hodari wa kasi nchini alipotaka kueleza uhalifu unavyoingia nyumbani, alilazimika kwenda polepole.

Jaribio kubwa zaidi la Kenya katika njia hiyo ni Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya 1977, ingawa imewekwa Ilmorog, mbali na Nairobi. Inaanza kwa watu wanne kutafutwa na polisi baada ya vigogo watatu kufa motoni, kisha inarudi nyuma miaka kumi na miwili. Udhaifu wa utanzu unaonekana wazi: Inspekta Godfrey anapotea kwa sura nyingi, hotuba zinakula fumbo, na msomaji asiye na subira anasahau kwamba kuna mauaji. Hata hivyo Ngũgĩ alipata ufumbuzi ambao mwandishi wa Eastlands angeweza kuuazima. Inspekta anafunga faili lake kwa jibu moja, ilhali msomaji amekwisha kuona mengine ambayo faili haliwezi kuyabeba. Wengine huuita mwisho wa namna hiyo udanganyifu, kwamba mkopo haukulipwa. Mimi naona umelipwa, ila haukupitia mikononi mwa askari. Yvonne Adhiambo Owuor alifanya kitu kinachofanana katika Dust: kijana anauawa katika mitaa ya Nairobi, na anayetafuta sababu ni dada yake, si kituo cha polisi.

Hapo ndipo naona nafasi ya riwaya hii Eastlands sasa. Tangu 2014, kituo cha haki cha Mathare kimekuwa kikiandika vifo vya vijana waliopigwa risasi na polisi, na mwaka 2017 kikatoa ripoti. Wanaokusanya ushahidi ni wakazi wenyewe, wakiwemo akina mama waliopoteza watoto. Wanahoji majirani, wanalinganisha saa, wanatafuta nani aliyeona nini akiwa mlangoni, na wanatia sahihi majina yao kwa nyuso zilizo wazi. Mwandishi akitaka mpelelezi ambaye mtaa utamfungulia mlango, hana haja ya kumleta Bwana Msa kutoka Unguja wala inspekta kutoka makao makuu, maana kazi hiyo tayari ina wenyewe Mathare.