Elimu ya Sinema Nchini Mwetu: Kutoka Vugiri Hadi Vuta N'kuvute



Mwanafunzi akisema anataka kwenda chuo kikuu kusomea sinema, wazee hushtuka. Huambiwa kwamba hiyo ni kazi ya kupiga picha za arusi, si elimu. Mimi ni mtumishi wa serikali, na chuo kikuu nilisoma historia, si sinema. Hata hivyo naona historia ya jambo hili yafaa ijulikane kabla kijana hajakatazwa.

Sinema ya kufundishia ilianza mapema hapa Tanganyika. Mwaka 1935 Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walifungua kituo Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35, juu ya safura, malaria ya watoto, kodi na akiba ya posta. Picha zilikuwa bubu. Maneno yalitoka katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Gari lilizitembeza hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji walikuwa Waafrika, lakini walioamua hadithi isemeje walikuwa wageni.

Mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba mwanakijiji wa Afrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, kwa hiyo filamu ziende polepole, bila hila za kamera. Sisi wa uwanda wa Makonde twaweza kumjibu. Watu wetu wamecheza mapiko tangu zamani: mtu huvaa kinyago akawa mwingine, na watazamaji wakaelewa bila kufafanuliwa. Sellers alikuwa na mitambo. Alichokosa ni kuwajua watu.

Baada ya Uhuru tulijaribu wenyewe. Shirika la Filamu Tanzania lilianzishwa 1968, na vijana wakapelekwa ng'ambo. Martin Mhando alisomea sinema Romania. Mwaka 1985 Nangayoma Ng'oge, pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill, alitoa Arusi ya Mariamu, filamu fupi kuhusu mwanamke mgonjwa aliye kati ya hospitali na mganga. Ilipata tuzo katika tamasha la Ouagadougou. Mhando na Mulvihill wakatengeneza Maangamizi, ambayo mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania Oscar. Mwigizaji wake mmoja mkuu alikuwa Amandina Lihamba, mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ya karibuni zaidi ni Vuta N'kuvute, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Mwongozaji wake, Amil Shivji, alisomea sinema Chuo Kikuu cha York, Kanada. Lakini hadithi aliitoa katika riwaya ya Adam Shafi, na habari zake ni za Unguja ya miaka ya 1950. Bila fasihi na historia, kamera yake ingepiga picha gani?

Ndiyo maana nawasifu wale wanaosomea sinema katika vyuo vya elimu pana, kama vilivyo vingi Marekani, ambako mwanafunzi hufundishwa pia historia, lugha, falsafa na sayansi. Ufundi wa kamera hujifunzwa kwa miezi. Kujua la kusema huchukua miaka.

Nasi tunayo ya kusema. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika Masasi, na misheni ikashambuliwa. Mwaka 1917 majeshi ya von Lettow-Vorbeck yalivuka Ruvuma. Tangu 1964 wakimbizi wa Msumbiji walivuka kuja kwetu, na wengine walikuwa ndugu zetu wa damu. Walioyaona mambo ya 1964 kwa macho wanapungua kila mwaka.

Vijana, simu mliyo nayo mkononi inapiga picha kuliko mitambo yote ya Vugiri. Anzeni na babu na bibi zenu: waulizeni, warekodini, andikeni majina na miaka. Atakayependa kusomea sinema aende, lakini asiache historia wala lugha. Nanyi wazazi, msimcheke. Tukikosa watu wa kazi hiyo, watakuja wageni wengine na gari lao, nao ndio watakaoamua hadithi yetu isemeje.