Runinga ya Jirani na Simu ya Chini ya Blanketi

Leo tuzungumze kuhusu simu, lakini tuanzie mbali kidogo.

Kama ulikulia Kibera au Kawangware miaka ya tisini, unaikumbuka runinga ya Greatwall, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Huenda ploti nzima ilikuwa na moja tu. Watoto walijazana mlangoni kwa jirani kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani kwenye KBC, na mwenye runinga akisema "sasa nendeni mkalale," hakuna aliyebisha. Betri nayo ilikuwa na kiasi chake. Kando ya barabara kulikuwa na vibanda vya video, kiingilio shilingi chache. Sitavisifu; usiku vingine vilionyesha mambo yasiyofaa mtoto. Lakini mama alijua kibanda kiko wapi, na angeenda kumtoa mwanawe huko akimvuta sikio.

Halafu mambo yakaenda mbio. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Kufikia 2011 simu ya IDEOS ya Huawei iliuzwa kwa takriban shilingi 8,000, na vijana wakaanza kuacha mulika mwizi. Machi 2020 corona ikafunga shule. Mama aliyekuwa akimfokea mtoto aache simu sasa alimpa mwenyewe, maana mwalimu alituma kazi kwa WhatsApp. Shule zilifunguliwa kwa wote Januari 2021, ila simu nyingi hazikurudi kwa mama.

Skrini ilitoka mbele ya macho ya ploti nzima ikaingia chini ya blanketi. Hata katika chumba kimoja mnacholala wote, msichana wa miaka 14 anaweza kutukanwa na wanafunzi wenzake hadi saa nane usiku, nawe uko hatua mbili kutoka kwake na hujui.

Kijana huyo anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Akiukosa, asubuhi ana hasira, darasani anasinzia, na huzuni humwingia upesi. Simu zote zilale upande wako wa kitanda, yako pia ikiwa imezimwa sauti. Kwa wadogo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019: aliye chini ya miaka 2 asitazamishwe skrini; wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku. Najua simu humtuliza mtoto unapofua. Mpe sufuria na mwiko apige ngoma, uvumilie kelele.

Ukiona kijana amejitenga, hali vizuri, au anaficha simu ukipita, usianze kwa kumpokonya. Muulize kwa upole nani anamsumbua. Aliyepokonywa leo hatakuambia la kesho. Mkishindwa, pigeni 116, Childline Kenya. Hailipishwi, mchana na usiku.