Kuziba Karteri: Ufundi wa Magari wa Buyenzi na Njia za Bidhaa za Bujumbura

Historia ya ufundi wa magari mjini Bujumbura haielezeki kwa kuorodhesha aina za magari yaliyopita katika barabara zake, kwa sababu kilichoamua namna fundi alivyofanya kazi ni njia ambayo bidhaa ziliufikia mji huo ulio mbali na bahari, na jinsi njia hiyo ilivyofunguka na kufungika katika vipindi mbalimbali. Jambo hilo huonekana waziwazi katika kazi ya kuziba karteri, yaani bakuli la bati au la alumini linalofungwa kwa bolti chini ya injini ili kuhifadhi oili, ambalo mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi huliita sampu. Oili hutulia humo, huvutwa na pampu kupitia chujio, hupelekwa kwenye beringi za kranki na sehemu nyingine zinazosuguana, kisha hurudi chini kwa uzito wake. Kwa hiyo ukingo ambapo karteri hukutana na bloku ya injini huloa wakati wote, hutikiswa na kupashwa moto kila gari linapotembea, na usipozibwa vizuri oili hutoka tone baada ya tone hadi injini ikakauka na kukwama.

Bujumbura, iliyoitwa Usumbura hadi uhuru wa mwaka 1962, ilianza kuwa mji wa kiserikali pale Wajerumani walipojenga kituo cha kijeshi mwaka 1897 kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji waliuteka mwaka 1916 na kuufanya makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kwa makubaliano ya mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo yake maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, hivyo mzigo wa Usumbura ukawa unasafiri kwa treni hadi ziwani na kumalizia kwa meli. Motokaa, mapipa ya oili, gasketi na bolti zilipita njia hiyo, na kipuri kilichokosekana dukani kiliweza kumsubirisha mwenye gari kwa majuma mengi. Katika mazingira hayo, fundi aliyeweza kutengeneza kwa mkono kile ambacho kiwandani huja ndani ya bahasha alikuwa na thamani kubwa kuliko aliyejua kubadilisha tu.

Mafundi wa namna hiyo walipatikana hasa Buyenzi, mtaa ambao Wabelgiji waliutenga kwa ajili ya Waswahili wa mji, watu waliokuwa na asili ya Manyema, Ujiji, pwani na nchi za jirani, wengi wao Waislamu, ambao hawakuwa na mashamba milimani na hivyo waliishi kwa biashara, udereva na kazi za mikono. Mtaa ulipimwa kwa mistari iliyonyooka, barabara zake zikapewa namba badala ya majina, na hadi leo mwenye gari huelekezwa kwa fundi kwa kutajiwa namba ya barabara. Kiswahili kikawa lugha ya spana na nyundo, kikichanganyika na maneno ya Kifaransa kama hilo la karteri, na kijana aliyetoka katika kaya ya Kirundi alijifunza lugha na kazi kwa pamoja. Shule za ufundi, ikiwemo ETS ya Kamenge, zilifundisha michoro na hesabu, lakini mkono wa fundi uliendelea kulelewa chini ya gari, kwa uanagenzi wa miaka mingi.

Katika injini za zamani za Kimarekani na Kiingereza, gasketi ya karteri, yaani kipande chembamba kinachowekwa kati ya vyuma viwili ili kuziba nafasi, ilikuwa ya koki, gamba laini la aina ya mwaloni unaomea kando ya Bahari ya Mediterania. Koki husamehe makosa kwa kuwa hujaa katika mabonde madogo ya chuma kisichonyooka, lakini ikikaa ghalani kwenye hewa kavu husinyaa na kupasuka, na ikikazwa kupita kiasi hubonyea na kutoka nje. Fundi asiyekuwa na gasketi ya kiwanda alikata ya kwake. Alisafisha ukingo wa karteri, akaupaka oili au masizi, akaukandamiza juu ya karatasi ngumu au shiti ya koki ili upige chapa, akakata kwa makasi kufuata chapa hiyo, kisha akatoboa matundu ya bolti kwa bomba lenye ncha kali. Wengine waliiweka karatasi juu ya ukingo wenyewe na kuigonga polepole kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, hadi makali ya chuma yakaikata yenyewe. Mpira wa tairi la ndani, ambao wasiojua waliukimbilia kwa ulaini wake, haukufaa hata kidogo, kwa kuwa mpira wa asili hunywa oili, huvimba na kuoza.

Kukata, hata hivyo, ilikuwa nusu ya kazi. Bati la karteri lililokazwa na mtu mwenye haraka huinama kuzunguka kila tundu la bolti, likawa na vilima na mabonde, na hapo hakuna gasketi ya koki wala ya karatasi itakayoziba. Fundi mzuri aliigeuza karteri, akaweka ukingo wake juu ya kipande bapa cha chuma na kuunyoosha kwa nyundo nyepesi, tundu baada ya tundu. Kisha wakati wa kufunga alianza na bolti za katikati akienda nje kwa kubadilishana pande, akikaza kwa awamu. Uvumilivu huo ndio uliomtofautisha bingwa na mbahatishaji, na unastahili heshima ambayo vitabu vya historia ya mji huu havijaupa bado.

Volkswagen yenye injini nyuma, iliyoenea sana katika eneo hili, haikuwa na karteri ya kufungua. Chini yake palikuwa na kifuniko kidogo cha chujio chenye nati sita na gasketi mbili nyembamba za karatasi.

Jiografia iliongeza ugumu wake. Barabara ya taifa namba 1 hutoka ufukweni, kwenye mwinuko wa chini kidogo ya mita 800, na kupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, katika umbali usiofika kilomita 40. Lori lililojaa hupanda mlima huo kwa gia nzito, oili ikipata moto na kuwa nyepesi, na katika injini iliyochoka gesi hupenya kando ya pistoni na kuongeza msukumo ndani ya karteri. Bomba la kupumulia la injini likiziba kwa masizi, msukumo huo hutafuta pa kutokea na kusukuma oili hata kupitia gasketi mpya. Ndiyo sababu wakongwe waliwafundisha wanagenzi kukagua bomba hilo kwanza, kisha kifuniko cha valvu na sili ya nyuma ya kranki, kwa kuwa oili inayotoka juu huteremka na kudondokea kwenye karteri, ikaonekana kana kwamba yenyewe ndiyo inayovuja.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Mafuta na vipuri vilipungua na bei zikapanda, huku nchi ikiwa tayari katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Oili, ambayo hapo awali ingeongezwa tu na safari ikaendelea, ikawa kitu cha kulindwa, na kuziba mvujo kukawa nafuu kuliko kununua lita nyingine. Ujuzi wa gasketi za mkono, ambao ulikuwa umeanza kuonekana kama mabaki ya zamani, ukarudi kuwa tegemeo la mji.

Amani ya taratibu ilileta magari yaliyotumika kutoka Japani, Toyota za aina ya TI na baadaye Probox, na pamoja nayo gundi ya silikoni. Viwanda vilikuwa vimeanza kuitumia gundi hiyo badala ya gasketi iliyokatwa tangu miaka ya 1970: hupakwa mstari mmoja mwembamba, wa milimita chache, juu ya ukingo uliosafishwa usibaki na oili, nayo hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa. Injini ya Probox ina karteri mbili, ya juu ya alumini na ya chini ya bati, na zote huzibwa kwa gundi. Urahisi huu umeleta hatari ambayo koki haikuwa nayo. Anayepaka gundi nyingi huacha utepe unaojitokeza ndani, utepe hukatika, huvutwa hadi kwenye chujio cha pampu na kuinyima injini oili; na anayewasha gari kabla gundi haijakomaa, kwa sababu dereva wa teksi hawezi kupoteza siku, huivunja kazi yake mwenyewe.

Mvujo wa oili Bujumbura hauishii chini ya gari. Mvua hubeba oili iliyomwagika kwenye mitaro, ikaingia mto Ntahangwa na kufika ziwani, na ziwa hilo ndilo ambalo shirika la maji, REGIDESO, huchotea sehemu kubwa ya maji ya mji. Tanganyika ina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga upande wa Kongo, hivyo uchafu unaoingia humo haupati njia ya haraka ya kutoka. Nchi nne zinazolizunguka zilitia saini mkataba wa kulilinda mwaka 2003 huko Dar es Salaam, na makao ya mamlaka ya ziwa yako Bujumbura. Inafaa mamlaka hiyo na manispaa ziwaweke mafundi wa Buyenzi katika mipango yao, ziwapatie mapipa ya kukusanyia oili chafu katika kila barabara yenye gereji, na ziwaombe wakongwe wawafundishe vijana kunyoosha ukingo wa karteri kabla ya kushika kopo la gundi.